Boti ya Mjomba na Mkasi Butu

Najua nimekuwa kimya. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeoa, nimehama nchi au nimeishiwa cha kusema. Hakuna hata moja. Nilikuwa Kigamboni kwenye karakana ya boti, nikijikuna.

Ndiyo, nikijikuna. Kama umewahi kukaa karibu na mtu anayekata faiba, unajua ninachosema. Inaingia kwenye kola, inaingia kwenye soksi, ukifika nyumbani unaoga mara mbili na bado usiku unajigeuza kitandani kama samaki kikaangoni. Lakini leo sitaki kuwalalamikia kuhusu ngozi yangu. Nataka tuzungumze kuhusu ukingo wa kitambaa. Msicheke, nitaeleza.

Mjomba wangu ana boti ndogo ya faiba, ya kuvulia. Mwaka jana iligonga mwamba, ikapata tundu ubavuni, chini kidogo ya mstari wa maji. Akaipeleka kwenye karakana moja (jina nalihifadhi, na mwisho wa makala mtajua kwa nini). Ikazibwa, ikasuguliwa, ikapakwa rangi, ikang'aa kuliko siku aliyoinunua. Miezi miwili baadaye, usiku, wakiwa mbali na ufukwe na taa zimeshawashwa, kiraka kikaanza kubanduka. Siyo kupasuka. Kubanduka, kama stika ya kwenye daladala. Maji yakaingia. Kijana mmoja akawa anafua maji kwa ndoo, mwingine kwa galoni lililokatwa, mjomba anaendesha huku ameegemea upande wa pili ili ubavu mbovu uinuke. Walifika. Nyavu walizitupa, samaki walimwaga, lakini walifika wote watatu.

Nilipopata habari nilifanya kile ambacho mwandishi kijana yeyote angefanya. Nilichukua daftari, nikapanda pantoni, kichwani nimeshaandika kichwa cha habari. Nilikuwa nimeshamhukumu fundi kabla hata sijashuka upande wa pili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Najua umekuja kuandika. Kabla hujaandika, njoo uangalie kiraka."

Boti ilikuwa imepinduliwa mchangani. Mjomba akapitisha ukucha chini ya ukingo wa kile kiraka, ukaingia bila taabu. Akakivuta kidogo. Chini yake nikaona kitu ambacho sikukitegemea: matamvua. Matamvua kabisa, kama ya mkeka uliochakaa au shuka la kimasai. Nyuzi zimetoka, nyingine zimejikunja, nyingine zimelala kushoto wakati wenzake wanaelekea kulia. Katikati kiraka kilikuwa kigumu kama jiwe. Ukingoni kilikuwa utando mwembamba unaovunjika kwa vidole.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote naandika "boti za faiba" bila kujua faiba ni nini. Na nina wasiwasi si mimi peke yangu. Tukiona boti nyeupe inang'aa tunadhani ni plastiki iliyomiminwa kama ndoo. Siyo. Faiba ni kitambaa. Ni nyuzi nyembamba za kioo, zimefumwa kwa mtande na mshindio kama kanga yako. Kinaloweshwa kwa rezini, kinalazwa kwenye kalibu tabaka juu ya tabaka, kikikauka kinakuwa boti. Rezini peke yake inavunjika kama biskuti. Nguvu iko kwenye nyuzi. Kwa wale waliojenga au wanaojenga huko Bunju na Chanika: rezini ni zege, nyuzi ndiyo nondo.

Sasa fikiria nondo zimekatwa ovyo, zimepindapinda na nyingine hazipo kabisa. Ndivyo inavyokuwa pindo la faiba likifumuka. Uzi mmoja wa mtande ukitoka, mshindio unakosa wa kuushika, nao unafuata. Pale penye pengo inajaa rezini tupu, zege bila nondo. Zile nyuzi zilizojikunja zinainua kitambaa, hewa inabaki chini yake, na hewa ile ndiyo mlango wa maji. Halafu kumbuka kwamba kiraka hakibanduki kuanzia katikati. Kinabanduka kuanzia ukingoni. Kwa hiyo sehemu inayobeba kazi kubwa ndiyo hiyo hiyo iliyokatwa vibaya, na juu yake imepakwa rangi nzuri ili mimi na wewe tusiione.

Mjomba alikuwa ameshapata fundi mwingine wa kurudia kazi, mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fundi wa mashua za mbao. Huyu alianza maisha kwa kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao ili maji yasipite. Nikamwomba ruhusa niwe naenda kumtazama. Akakubali kwa sharti moja: nisiguse kitu. Siku ya kwanza nikagusa. Niliona uzi umechomoza kwenye kipande alichokata, nikauvuta kama unavyovuta uzi wa shati. Ukaja. Ukaendelea kuja. Nusu ya pindo ikanifuata mkononi. Mzee hakupiga kelele. Alikitazama kipande, akakitupa kwenye pipa, akaanza kukata kingine. "Uzi wa faiba hauvutwi, bwana mdogo. Unakatwa." Hilo ni somo la kwanza, na gharama yake ilikuwa kipande kizima.

Somo la pili: kazi ya kukata inaanza kabla ya mkasi. Roli la faiba kwake linaning'inia kwenye bomba ukutani, limefunikwa nailoni. Halikunjwi, kwa sababu kioo kikikunjwa nyuzi zinakatika kwenye mkunjo na kitambaa kinapoteza mstari wake. Pia linawekwa pakavu, maana unyevu na rezini si marafiki. Meza ni ndefu, imefagiliwa. Kila kipande kinachorwa kwanza kwenye karatasi, kama fundi cherehani anavyokata nguo, na anaongeza sentimita 3 hadi 5 pembeni za kuja kupunguza baadaye.

Somo la tatu ndilo lililonifanya niandike. Mzee anachukua ule utepe wa karatasi wenye gundi, ule ambao wapaka rangi magari wanaubandika kwenye vioo, anaulaza juu ya mstari anaotaka kukata na kuukandamiza kwa kidole gumba. Kisha anakata katikati ya utepe. Kila upande unabaki na nusu ya utepe, na nusu hiyo inashika nyuzi zote zisitoke. Basi. Ndiyo siri yote. Hakuna mashine, hakuna cheti kutoka ng'ambo. Kitu pekee cha kukumbuka ni kwamba utepe usizikwe ndani ya rezini, maana juu ya karatasi rezini haishiki vizuri. Unaachwa kwenye ile ziada inayokatwa baadaye, au unaondolewa kwa mkato mmoja dakika ya mwisho, kitambaa kikiwa tayari kulazwa.

Nikamuuliza roli moja la utepe ule linamaliza boti ngapi. Akanitazama kama mtu anayeuliza chumvi inatosha sufuria ngapi. Ni bei ya soda mbili, jamani. Mjomba na vijana wawili walikuwa wafe kwa sababu ya soda mbili.

Masomo mengine nayataja haraka. Mkasi wa faiba ni wa faiba tu, na unanolewa kila mara, kwa sababu kioo kinakula chuma; mkasi butu haukati, unatafuna, na ukitafuna nyuzi zinakimbia. Kipande kilichokatwa hakinyanyuliwi kwa kona moja kama taulo, kwa sababu ukivuta kona unavuta mshazari, na ufumaji wote unapinda. Kinabebwa kwa mikono miwili juu ya karatasi, au kinaviringishwa kwenye bomba la boksi. Wakati wa kulowesha, brashi inadonoa, haiburuzwi, na inatoka katikati kwenda nje. Ile faiba nyingine isiyofumwa, inayoitwa mati, yenye nyuzi fupi zilizotawanywa, mara nyingi ni bora kuichana kwa mkono kuliko kuikata, maana ukingo uliochanwa unalala laini na kuungana na wa jirani. Ubavu wa boti nao unasuguliwa uwe mteremko kabla ya kiraka: kwa unene wa milimita 1, mteremko wa kama milimita 12. Boti ya mjomba haikuwa na mteremko wowote. Tundu lilikuwa limefunikwa kama chungu.

Na moja nililolipenda: ile ziada ya pembeni haisubiriwi ikauke kabisa. Kuna kipindi rezini si maji tena na bado si jiwe, ni kama ngozi ya kiatu. Hapo mzee anapita na kisu kikali, ukingo unatoka safi kwa mkato mmoja, bila vumbi. Ukichelewa, utatumia msumeno na msasa, na hilo vumbi utalivuta wewe na jirani zako. Sasa nenda katazame karakana nyingi mjini uone wanasubiri mpaka lini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya boti za wavuvi, ulimwengu umeshaenda mbele. Kinyume chake. Kaboni, ile faiba nyeusi ya baiskeli za mashindano na droni, nayo ni kitambaa na nayo inafumuka, tena vumbi lake linapitisha umeme na linaweza kuleta shoti kwenye vifaa. Kevlar, ambayo mkemia Stephanie Kwolek wa DuPont kule Marekani aliivumbua mwaka 1965, mkasi wa kawaida unaitafuna na kuiacha na manyoya bila kuikata. Ina mikasi yake yenye meno madogo. Ukienda mbele zaidi, ukingo unakufuata.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Baada ya wiki moja kwa mzee nilirudi ile karakana ya kwanza. Sikwenda kugombana, nilikwenda kuuliza swali moja tu: hapa nani anakata? Mwenye karakana akanionyesha bila hata kufikiri. Kijana mdogo, yuko chini sakafuni, hana meza, hana glavu, hana barakoa, amefunga shati usoni. Mkasi wake ulikuwa ule wa ofisini wenye mpini wa plastiki, nao umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hana mshahara, "anajifunza". Fundi mkuu, mwenye jina na mwenye kulipwa, yeye anapaka rangi na kung'arisha.

Wasomaji wangu, hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Yule kijana si mzembe. Amepewa kazi inayoamua kama watu watarudi nyumbani, kwa mkasi usiokata hata bahasha, na hakuna aliyemwambia kwamba ile ndiyo kazi. Kwetu kukata ni kazi ya mtoto. Kung'arisha ni kazi ya fundi. Tumepindua kila kitu.

Na siyo boti tu iliyo hatarini. Tuwe wakweli, tusitishane: IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2002 iliziweka nyuzi ndefu za kioo za aina hii kwenye kundi la vitu ambavyo haviwezi kuainishwa kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Zinawasha ngozi, macho na koo, na hilo si dogo kwa mtu anayeshinda nazo. Lakini ile harufu kali ya rezini ni sitairini, na mwaka 2018 taasisi hiyo hiyo iliipandisha daraja kutoka "huenda" hadi "inaelekea" kusababisha saratani. Shati usoni halizuii mvuke huo hata kidogo. Kinachosaidia ni hewa kupita na barakoa ya vichujio vya kemikali. Mzee wangu anafanyia kazi chini ya paa lisilo na kuta. Kijana yule anafanyia kazi ndani ya chumba chenye dirisha moja, na dirisha limezibwa kwa boksi ili vumbi la nje lisiharibu rangi. Rangi inalindwa. Mapafu hayalindwi.

Nikamuuliza mwenye karakana kwa nini. Jibu lake lilininyamazisha, nalo ndilo sababu simtaji jina. Akasema, "Kaka, muulize mjomba wako alinipa siku ngapi na shilingi ngapi."

Nikamuuliza. Mjomba akachora mchangani kwa kidole kwa muda, kisha akasema kweli. Giza lilikuwa linakaribia. Kwa msiojua, wavuvi wa taa wanategemea siku ambazo mwezi haupo, samaki wanaifuata taa. Mwezi ukitoka, biashara imelala. Alitaka boti kabla ya giza. Alizunguka karakana tatu akachagua ya bei ya chini na ya siku chache. Siku ya kuichukua alifanya nini? Aliipapasa rangi. Aliona inateleza, akalipa. "Sikuuliza kitu, mjomba. Ilikuwa inapendeza."

Kwa hiyo nani mwenye kosa? Kijana anayekata? Mwenye karakana? Mjomba? Mimi nasema mkasi ule butu tuliununua wote. Tuliununua siku tulipoanza kulipia mng'ao na kukataa kulipia muda. Na sisi wasomi tuna sehemu yetu kubwa kuliko tunavyodhani. Ni sisi tuliokuzwa tukiambiwa, "usiposoma utakuwa fundi." Neno lenyewe tumelifanya tusi, halafu tunashangaa fundi anapofanya kazi ya kitusi. Utamsikia mtu mwenye digrii akijadiliana na fundi kama anafukuza mwizi, na mtu huyo huyo akilipa bei iliyoandikwa dukani bila kupumua.

Sasa kuna sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na utekelezaji ulianza mwaka 2024. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini nina swali la mtu aliyetupiwa kipande kwenye pipa: huyo mwanafunzi wa amali atapewa mkasi gani? Kama atasoma kukata ubaoni, akajibu mtihani kwamba "hatua ya kwanza ni kukata", akapata A, tutakuwa tumeongeza vyeti na tumebakiza matamvua. Kukata kunafundishwa kwa kuharibu vipande, na vipande vina gharama. Nani amevipangia bajeti? Hilo ndilo ningependa tuwaulize wakubwa, badala ya kupiga picha wakikata utepe mwingine kabisa.

Na wakati tunawasubiri wakubwa, yapo ya kwetu. Ukipeleka boti, tangi, bampa la gari au chochote cha faiba, usianze na bei. Omba kuonyeshwa meza ya kukatia. Omba kuuona mkasi. Uliza nani anakata na ana muda gani kwenye kazi. Ukiweza, pita siku ambayo kiraka hakijapakwa rangi, utazame ukingo. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa, maana amechoka kusifiwa rangi. Fundi mbaya atakuambia usubiri ikauke.

Bibi yangu alikuwa akinunua doti ya kanga, kabla hajatazama mji wala kusoma jina, anageuza kwanza pindo na kuvuta kidogo kwa kucha. Tulikuwa tunamcheka, eti bibi anasoma kanga kinyumenyume. Nadhani yeye ndiye angemwokoa mjomba ile siku ya kuchukua boti.

Mjomba amerudi baharini. Kiraka kipya si kizuri sana kukitazama, rangi haikulingana na ya zamani na mzee alikataa kuirudia, alisema hiyo si kazi yake. Yule kijana wa karakana ya kwanza nilimpelekea mkasi mpya na roli mbili za utepe. Nilipopita wiki iliyofuata, utepe alikuwa anautumia. Mkasi alikuwa ameuchukua fundi mkuu, anakatia msasa.

Haya, mimi nimesema yangu. Mafundi mliopo huku mnisahihishe pale nilipokosea, na wasomi wenzangu mnaotaka kunitukana, karibuni pia. Mnasemaje?